Remmy si Hendrix. Kwa hiyo?

Ijumaa iliyopita, baada ya kurekodi, tulikaa nje ya mkahawa mmoja hapa Edgware Road. Tulikuwa wanne, chai ya mnanaa mezani, na ile hita ya juu inayokuunguza utosi huku miguu inaganda. Mwenzetu mmoja, ambaye kwenye podikasti tunamwita Mzee wa Roki kwa sababu ana magitaa matatu nyumbani na hana kiti cha mgeni, akatamka sentensi iliyoharibu usiku mzima: "Kusema kweli, Remmy Ongala alikuwa mpiga gitaa wa kawaida tu."

Jamani! Utadhani kamtukania mtu mama yake. Mmoja akasukuma kiti nyuma. Mwingine akaanza kupekua nyimbo kwenye simu kama wakili anayetafuta ushahidi. Mimi nikaropoka kwamba Remmy ni fundi, Remmy ni Dokta, Remmy ana kituo cha daladala chenye jina lake Dar es Salaam, wewe una nini? Mzee wa Roki akanitazama kwa upole, akasema: "Sawa. Hebu niambie wimbo mmoja wa Remmy unahusu nini. Mmoja tu."

Nikataja "Kipenda Roho". Nikasema ni wimbo wa mapenzi.

"Halafu?"

Nikanyamaza.

Ukimya ule nimekaa nao wiki nzima, ndiyo maana naandika. Maoni yangu kwa ufupi ni haya: Mzee wa Roki amekosea kuhusu gitaa, na sisi tuliojifanya watetezi tulikosea zaidi kuhusu yote yaliyobaki.

Tuanze na gitaa.

Kwa msomaji ambaye hakukua na kaseti zake: Remmy alizaliwa Kindu, mashariki mwa Congo, mwaka 1947. Aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akahamia Matimila, ambayo baadaye iliitwa Super Matimila. Mwishoni mwa miaka ya 1980 tamasha la WOMAD likamleta Uingereza, na mwaka 1989 lebo ya Real World, ya Peter Gabriel aliyekuwa mwimbaji wa Genesis, ikatoa albamu yake ya Songs for the Poor Man. Studio za lebo hiyo ziko kijiji cha Box, Wiltshire, pembeni ya reli ya kutoka Paddington kwenda Bath. Yaani hapa tulipokaa, ukitembea dakika kumi na kitu mpaka Paddington ukapanda treni, unapita pale pale. Nimepita mara nyingi nikienda chuo, nimeweka vipokea sauti masikioni, bila kujua napita wapi.

Kwa hiyo Waingereza wengi waliomjua Remmy walimjua kupitia watu wa roki, na wakamsikiliza kwa masikio ya roki. Kwenye roki, mwimbaji mwenye gitaa ni shujaa. Bendi inajenga, inajenga, kisha wote wanampisha apige solo yake, afumbe macho, akunje uso. Ukimpima Remmy kwa kipimo hicho, ni kweli, hafiki kwa Hendrix. Mpiga solo wa Matimila alikuwa Batii Osenga, na sehemu kubwa ya ule "ushahidi" tuliopiga kwenye simu pale mezani ilikuwa vidole vya Batii. Hilo Mzee wa Roki alilijua, sisi hatukulijua. Nampa haki yake.

Lakini muziki wa dansi haukujengwa hivyo. Gitaa la solo linaongea juu, la pili linalijibu, ridhim linashikilia katikati, na besi nayo ina mazungumzo yake. Hakuna gitaa linalobeba wimbo peke yake. Ukitoa moja, mengine yote yanachechemea. Na mwimbaji ana kazi yake: asimulie kwanza, polepole, kila neno lisikike, ndipo magitaa yafunguliwe watu wacheze. Remmy alijua kusubiri. Anaimba, anazungumza, analalamika, anauliza, na bendi nzima inamzunguka bila kumfunika. Huo ni ufundi. Kupanga watu wengi wenye vipaji wapige kwa ajili ya maneno, na maneno yasikike, si jambo la kila mtu mwenye gitaa.

Jumapili Mzee wa Roki alijaribu mwenyewe kupiga ridhim ya "Sauti ya Mnyonge" nyumbani kwake. Akatutumia ujumbe wa sauti. Anasema dakika ya pili mkono ulianza kukimbia, ya tatu ukachoka. "Ni nyepesi," anasema, "mpaka uambiwe usibadilishe kitu." Tangu nimjue sijawahi kumsikia akikiri zaidi ya hapo.

Sasa tuje kwenye maana.

Jumamosi nilikwenda kwa Mama, nyuma ya soko la Church Street, nilikokulia. Nilimkuta jikoni anakaanga vitunguu. Nikamuuliza, "Mama, 'Kipenda Roho' maana yake nini?" Bila kugeuka akajibu: "Hula nyama mbichi."

Basi, kumbe ndiyo hivyo. Jina la wimbo ni nusu ya methali: kipenda roho hula nyama mbichi. Nusu ya pili ameachiwa msikilizaji. Mtu aliyekulia Sinza au Temeke anaimalizia kichwani bila hata kujijua. Mimi niliyekulia hapa nilikuwa nasikia tu maneno matamu, kama ya kadi za Februari.

Na methali yenyewe ina ncha mbili. Mama anaichukua kama utetezi: moyo ukishapenda hauulizi, waacheni watu na wapenzi wao. Nikampigia mama mdogo, yuko Dar, nipate kuthibitisha. Yeye akaisema kama onyo: mtu akishapenda atameza hata kitakachomdhuru, mwangalieni. Ndugu wawili wa tumbo moja, methali moja, na kila mmoja ana uhakika. Nikawaunganisha kwenye simu wakabishana nusu saa. Vitunguu vikaungua.

Sikiliza, kubishana si tatizo. Mashabiki wa Queen wanabishana kuhusu "Bohemian Rhapsody" tangu 1975, na mwimbaji wake, mzaliwa wa Unguja, alikataa kuwafafanulia mpaka anafariki. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Wimbo ambao watu hawaubishanii tena umeshakufa. Tatizo letu Ijumaa lilikuwa jingine: tulikuwa tunatetea nyimbo ambazo maneno yake hatukuwahi kuyasikiliza.

Na kuna nyimbo ambazo kutosikiliza maneno yake ni aibu. Tulipokuwa wadogo, mimi na kaka yangu tuliupenda sana "Mambo kwa Soksi". Tulidhani ni wimbo wa soksi. Tulivaa soksi mikononi tukacheza sebuleni. Tulipokua tukaambiwa soksi ni kondomu, tukacheka zaidi. Ijumaa pale mezani tuliutaja vilevile, kama kichekesho cha zamani, na mmoja wetu akasema huo ndio ushahidi kwamba Remmy hakuwa mtunzi wa kuchukuliwa kwa uzito.

Nilimsimulia Mama hilo nalo. Hakucheka. Alizima jiko, akavuta kiti.

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi Tanzania waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi baada ya hapo watu walizikana bila kuutaja ugonjwa. Ilisemwa kifua. Ilisemwa malaria. Ilisemwa amelogwa. Wimbo wa Remmy ulipotoka, Radio Tanzania haikuupiga, eti matusi. Watu wakausikia kwenye kaseti na kwenye kumbi. "Soksi ndiyo ilikuwa matusi," Mama aliniambia. "Kwenda makaburini kila wiki hakukuwa matusi."

Kisha akamtaja mjomba wangu, yule ambaye picha yake iko ukutani tangu nizaliwe, amevaa shati la maua, ameegemea gari lisilo lake. Siku zote nimeambiwa alikufa kwa kifua. Mama anasema mjomba aliucheza wimbo ule, aliupenda, alikuwa akiuimba nyumba nzima. Alikuwa ameshachelewa.

Miaka thelathini na kitu naipita picha ile nikienda jikoni. Na nimeujua wimbo ule karibu muda huohuo.

Kwa hiyo leo nikiulizwa kipaji cha Remmy kiko wapi, jibu ninalo. Kiko kwenye kutafuta neno la nguo, neno la kuchekesha, ambalo mtoto anaweza kuliimba mbele ya bibi yake, na kulibebesha jambo ambalo redio na wazazi walishindwa kulitamka. Kisha kulipangia magitaa, ili watu walicheze kwanza na waje walifikirie wakiwa njiani kurudi nyumbani. Muziki wake uliitwa wa ubongo. Halikuwa jina la bure.

Najua wapo watakaotuandikia, kwa sababu huwa wanatuandikia: nyie watoto wa London, Kiswahili chenyewe cha kuokoteza, mnamfafanua Remmy kama nani? Swali zuri. Naomba nilijibu kwa herufi moja. Kwenye albamu ya Mambo ya mwaka 1992 kuna wimbo unaitwa "Inchi Yetu". Inchi, si nchi. Hivyo ndivyo Kiswahili cha Congo kinavyolitamka neno hilo, na hivyo ndivyo lilivyochapwa, wala hakuna aliyelinyoosha kwanza ili lifanane na la Dar. Kwenye albamu hiyohiyo ameimba na Kiingereza, tena Kiingereza chake mwenyewe. Mtu huyu alikuja Dar akiwa mtu mzima, na lahaja ya kwao mdomoni, na jiji likampa kituo: Sinza kwa Remmy. Nilipokwenda mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa, nilimsikia konda akiita "Kwa Remmy, Kwa Remmy!" na mlango ukajaa watu wanaoshuka. Hakuna aliyesahihishana sarufi na mtu. Kwa hiyo hoja ya kwamba Kiswahili kina wenyewe, na wengine wote ni wapangaji, kwa Remmy haisimami hata kidogo.

Lakini pia tusijidanganye. Inchi ya Remmy si ruhusa ya uvivu wetu. Yeye, pamoja na lafudhi yake, alijua kila neno aliloimba linafanya kazi gani. Sisi tunamtumia kama bendera. Tunaweka picha ya rasta zake kwenye fulana, tunasema "huyu wetu", halafu wimbo ukianza tunasikiliza gitaa tu, sawasawa na yule Mwingereza wa tamasha tunayemcheka kwamba alicheza wimbo wa msiba akidhani ni wa harusi. Yule ana sababu, lugha hakuijua na hakuwa na wa kumuuliza. Mimi Mama yuko dakika tano kutoka hapa, na nimesubiri mpaka mpenzi wa roki aniaibishe mbele ya watu ndipo nikaenda kuuliza.

Remmy alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Wazazi wetu waliomcheza wakiwa vijana sasa wanahesabu vidonge vya presha kila asubuhi. Nusu za pili za methali hizi ziko vichwani mwao. Haziko kwenye karatasi ya CD, na simu haikupi; nimejaribu, imenitafsiria kitu kuhusu bucha.

Ombi langu kwenu ni dogo. Wiki hii chagua wimbo mmoja tu, wa Remmy au wa yeyote aliyekuwa akipigwa kwenu Jumapili. Uupige mbele ya mtu aliyeujua ulipokuwa mpya. Muulize maana yake, halafu nyamaza. Akikuambia jambo la wimbo, sawa. Akikuambia jambo la mtu, hasa sikiliza. Halafu tuandikieni: kwenu "Kipenda Roho" ni utetezi au ni onyo? Mpaka sasa nyumba yetu iko moja kwa moja, na mama mdogo hataki suluhu.

Kipindi kijacho Mama amekubali kuja studio. Ana sharti moja. Mzee wa Roki aje na gitaa, apige ridhim ileile tangu mwanzo mpaka mwisho, asibadilishe kitu, ili yeye apate kuongea.