Baridi ya bosi anailipa mama lishe
KIBARAZANI, na Mwanaidi Shomari

Jumatano niliingia katika ofisi moja katikati ya Dar es Salaam kufuatilia karatasi zangu, nikatoka na mafua. Binti wa dirishani alikuwa amevaa sweta zito, na juu ya sweta kajitanda khanga. Saa saba mchana, mwezi wa pili! Kila akigonga muhuri anavifikicha vidole. Kiyoyozi juu ya kichwa chake kimewekwa nyuzi 16. Nikamwambia, "Mwanangu, si mpunguze baridi hii?" Akanijibu kwa upole, "Mama, rimoti anayo bosi."

Mnaokaa nami kibarazani hapa kila wiki mnanijua, jambo kama hilo siliachi. Nikazunguka nyuma ya jengo. Uchochoroni mashine za viyoyozi zimefungwa ukutani kuanzia chini hadi juu, zinanguruma na kutema hewa ya moto. Chini yake mama lishe anapakua wali. Mbele ana jiko la mkaa, mgongoni upepo wa mashine, jasho linamchuruzika mpaka kwenye viwiko. Kiyoyozi hakiumbi baridi. Kinachota joto la ndani na kulimwaga nje, pamoja na joto la mota yake. Baridi ya bosi, basi, anailipa yule mama.

Nilikasirika, na bado nimekasirika. Majumbani tunahesabu yuniti za Luku, mtoto akisahau kuzima taa anafokewa. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, halikujengwa ili makarani wavae sweta. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza kuwa viyoyozi na feni vinakula kiasi cha asilimia 10 ya umeme wote duniani. Dunia ikizidi kupata joto watu wananunua vingine, na pale umeme unapotokana na gesi au makaa ya mawe, joto lenyewe linaongezeka. Wodi za wagonjwa na stoo za dawa zipozwe, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni hiyo 16.

Na chanzo chake ni suti. Mkubwa kavaa koti, shati la mikono mirefu na tai, basi jengo zima ligande ili yeye asilowe. Wajapani walilishughulikia hilo mwaka 2005: serikali ilihimiza viyoyozi vya ofisini viwekwe nyuzi 28 majira ya joto, na Waziri Mkuu Junichiro Koizumi mwenyewe akaacha koti na tai. Sisi tulikuwa na kaunda suti, mikono mifupi, shingo wazi, na viongozi wetu waliongoza nchi wakiwa wameivaa. Nani aliwaambia wakubwa wa leo kwamba ni aibu?

Kuanzia Desemba hadi Machi koti libaki nyumbani, na kiyoyozi cha ofisini kisishuke chini ya 25. Anayeona haimtoshi, na avue tai.