Shimo zuri la gofu hukuuliza swali

Najua wengi wenu mtashangaa: mtu wa programu, tena mkazi wa Mbotela, anatafuta nini kwenye gofu? Huku kwetu Eastlands mchezo ni kandanda, na wazee wana drafti yao ya vifuniko vya soda kivulini. Gofu ina wenyewe, kule Karen na Muthaiga. Lakini kwa jicho la mtengeneza programu, shimo la gofu ni kitu kilichobuniwa kama kingine chochote. Yuko aliyelibuni, yuko atakayelitumia, na kati yao kuna uamuzi mmoja mkubwa: utamwacha mtumiaji achague njia, au utamburuta kwa njia moja tu?

Msimamo wangu nautoa mapema tusije tukazungushana. Shimo zuri ni lile linalompa kila mchezaji njia zaidi ya moja, na kila njia na bei yake. Kulirefusha tu ili liwe gumu ni uvivu, na hapa Nairobi ni uvivu wa gharama kubwa.

Kwa msiocheza, maelezo mafupi. Mchezaji huanzia mahali palipowekwa alama na kupiga mpira kuelekea kwenye grini, yaani kiwanja kidogo cha nyasi zilizonyolewa kabisa, penye kitundu na bendera. Kila shimo lina idadi ya mipigo inayotarajiwa kwa mchezaji hodari: 3, 4 au 5. Njiani kuna vikwazo: maji, miti, na mabanka, yaani mabonde madogo yaliyojazwa mchanga. Mwenye mipigo michache ndiye mshindi.

Haya, tufanye hesabu, maana bila namba tutabaki na maneno ya barazani. Chukua shimo fupi la mipigo 4, lenye mita 290 hivi, na maji mbele ya grini. Njia ya kwanza ni ya usalama: piga mpira mfupi, kisha wa pili uvuke maji. Tuseme njia hiyo inakugharimu mipigo 4 kwa wastani. Njia ya pili ni ya ujasiri: piga moja kwa moja mpaka kwenye grini. Ukifaulu unamaliza kwa 3. Ukikosa, mpira unazama na unamaliza kwa 5. Anayefaulu mara 6 kati ya 10 atapata wastani wa 3.8. Anayefaulu mara 4 atapata 4.2. Mmoja anafaidika, mwenzake anaumia, na mpaka kati yao ni mara 5 kamili. Shimo hilo liko hai. Wachezaji wawili wanalitazama na kila mmoja analipatia jibu lake.

Sasa badilisha namba moja tu. Fanya adhabu iwe kali, ukikosa unamaliza kwa 7. Hapo ni lazima ufaulu mara 3 kati ya 4 ndipo ujasiri ulingane na usalama, na karibu kila mtu atajiendea njia ya usalama. Au ilegeze adhabu, ukikosa unamaliza kwa 4. Kila mtu atapiga moja kwa moja, maana hana cha kupoteza. Pande zote mbili hakuna tena cha kuchagua, ingawa kwa macho uwanja haujabadilika. Sisi wa programu tunalijua jambo hili. Menyu yenye vitufe vitano ambayo kila mtu hubonyeza kimoja tu, kwa kweli ina kitufe kimoja.

Na hesabu haiishii kwenye wastani. Tuseme ni siku ya mwisho, shimo la mwisho, mpinzani wako ameshamaliza na unahitaji 3 ili mlingane. Yule anayefaulu mara 4 kati ya 10 afanye nini? Kama njia ya usalama humpa 3 mara 2 tu kati ya 10, basi leo ujasiri ndiyo akili, hata kama jana ulikuwa ujinga. Shimo ni lile lile na hakuna udongo uliosogezwa, lakini swali limegeuka. Huo ndio utofauti ninaoupenda.

Mifano iko. Mwaka 1978 Mhispania Seve Ballesteros alishinda Kenya Open. Mwaka huo huo, kwenye shimo la 10 la uwanja wa Brabazon huko The Belfry, Uingereza, alipiga mpira mmoja ukavuka maji na kutua kwenye grini. Shimo hilo ni fupi, la mipigo 4, na watu wengi wenye busara zao walikuwa wakilicheza kwa mipigo miwili midogo. Pigo lile limewekewa kibao cha kumbukumbu pale pale. Nani huweka kibao kwa sababu shimo lilikuwa refu?

Au tazama shimo la 10 la Riviera, Los Angeles, kazi ya George Thomas ya miaka ya 1920. Lina yadi 315 tu, ambazo ni kama mita 288. Grini yake ni nyembamba na imekaa mshazari. Ukipiga mfupi kushoto unapata pembe nzuri ya kuingilia. Ukiiendea moja kwa moja unaweza kuangukia mabanka yaliyoizunguka. Mpaka leo mabingwa wa dunia hawajakubaliana njia ipi ni bora.

Mtaniuliza: na mipira ya siku hizi inayoruka mbali mno, je? Si lazima mashimo yarefushwe? Swali ni la haki, na nitawapa mfano unaonipinga. Shimo la 13 la Augusta National, lililobuniwa na Alister MacKenzie na Bobby Jones, linapinda kushoto likifuata kijito. Kadiri unavyothubutu kukikaribia kijito, ndivyo pigo la pili linavyokuwa fupi na rahisi. Vifaa vipya vilifanya wenye nguvu wapige juu ya miti ya kona bila wasiwasi, na swali likafa. Mwaka 2023 mahali pa kuanzia pakarudishwa nyuma yadi 35, shimo likawa na yadi 545. Nakubali, hapo urefu ulirudisha swali. Lakini kumbuka kwamba Augusta ilinunua kwanza ardhi ya klabu jirani, mwaka 2017. Nani ana pesa za kufanya hivyo Nairobi?

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huruka mbali kuliko Mombasa. Tukifuata mbio za urefu tutashindwa tu. Kila mita ya ziada ni ardhi, ni maji ya kunyweshea nyasi, ni mashine za kuzikata. Muthaiga na Mathare zinatenganishwa na barabara ya Thika tu. Katika mji wa namna hiyo, mchezo unaodai ardhi zaidi kila muongo unajitafutia ugomvi, na unawaambia watoto wa upande wa pili kwamba hauwahusu.

MacKenzie, aliyekuwa daktari kabla ya kubuni viwanja, alichapisha kitabu chake Golf Architecture mwaka 1920. Kati ya kanuni 13 alizoorodhesha, mojawapo inataka mchezaji dhaifu apewe njia nyingine ya kupita. Alikuwa akiwafikiria wazee na wanaoanza. Mita 40 za ziada haziwaulizi watu hao swali lolote, zinawachosha tu.

Basi msituambie kwamba Eastlands haiwezi kuwa na gofu kwa kuwa hatuna ekari mia. Hatuna, na viwanja tulivyo navyo vinazidi kubanwa. Lakini uwanja mmoja wa shule, mipira ya plastiki, bendera moja na tairi kuukuu viwili vinatosha. Weka bendera mita 60, nyuma ya tairi la kulia. Upande wa kushoto uwe wazi, ila ukipita huko unabaki na pigo gumu la kuteremka. Weka mahali patatu pa kuanzia. Kesho hamisha bendera. Mtoto wa miaka 10 hapo atakuwa anapima hatari na faida, kazi ile ile anayoifanya bingwa pale Riviera.

Na nyinyi vijana mnaotengeneza michezo ya simu, someni mashimo haya kabla ya kuongeza kiwango cha 50 chenye maadui wengi kuliko cha 49. Jiulizeni mchezaji wenu anaamua nini. Kama jibu ni hakuna, msiongeze kiwango kingine. Rudini kwenye cha kwanza, mkakichonge upya.

Haya, nawaachia hayo. Siku njema.