Nasaba Haiandikwi na Karani

Juu ya kilima cha Bluff, kinachoikinga bandari ya Durban, Afrika Kusini, pana mahali paitwapo King's Rest, ambapo kwa miaka mingi walikaa watu walioitwa Wazanzibari, ingawa aghalabu yao kwa nasaba ni Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, waliokombolewa na manowari za Waingereza kutoka katika majahazi ya watumwa, wakateremshwa Natal kuanzia mwaka 1873 na kufungwa kwa mikataba ya kazi, hata uhuru wao ukaanza kwa utumishi. Walikuwa Waislamu, wakisema Kimakua majumbani mwao, wakaozana na kuzikana pasi na kuhitaji serikali iwaambie wao ni nani.

Ilipokuja sheria ya mwaka 1950 ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi yake, jamaa hawa hatimaye wakatiwa katika fungu la "Waasia wengineo", ilhali asili yao ni Msumbiji; na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakang'olewa kilimani pale, wakapelekwa Chatsworth, mtaa uliotengewa Wahindi.

Anayewalaumu kwa kulipokea jina lile hawatendei insafu, kwani aliyeandikwa Mwafrika alilazimika kutembea na pasi mfukoni kama mgeni katika nchi yake, na baba mwenye watoto hawezi kuikataa kalamu inayomwepusha na adha hiyo. Lawama ni ya daftari. Ndilo daftari lile lile ambalo kwa ajili yake penseli ilichomekwa katika nywele za mtu, ikianguka huenda akahesabiwa Mzungu, ikikwama asihesabiwe, na ndugu wa tumbo moja wakaweza kutengwa mitaa kwa sababu ya nywele tu.

Sheria ile ya mwaka 1950 ilifutwa mwaka 1991, lakini mafungu yake yangalipo, maana sheria ya usawa katika ajira ya mwaka 1998 huwataja Waafrika, machotara na Wahindi ili wafidiwe walichonyimwa. Fidia hiyo ni haki yao, nami naiunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa dhuluma iliyotendwa kwa hesabu ya rangi haiondoki kwa kunyamaziwa. Ila anayeulizwa na aachiwe aitaje nasaba yake kwa ulimi wake mwenyewe, na wajukuu wa King's Rest wakisema kuwa wao ni Wamakua, ni Waislamu na ni wananchi wa Afrika Kusini, karani ayaandike yote matatu.