Lenzi ndogo, bei kubwa

MWENZANGU mmoja idarani aliniuliza juzi, tena kwa sauti ya kusuta, nilikopata ujasiri wa kununua lenzi isiyolizidi yai kwa bei iliyokaribia ile ya kamera yenyewe. Sikumlaumu. Tumezoea kuipima thamani kwa ratili.

Nami nilikwisha kuilipa gharama ya lenzi rahisi. Miaka kadhaa iliyopita, mzee mmoja kisiwani Pate aliniruhusu kupiga picha za utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, urithi wa babu yake. Chumba kilikuwa na dirisha moja. Taa ya kamera aliikataa, nami sikumbishia. Kurasa kumi na nne zilitoka na ukungu, nukta zimepotea. Na katika hati hizo ni nukta inayoitenga ba na ta. Niliporudi mwaka uliofuata, mchwa walikuwa wamenitangulia.

Kweli, kiweko cha miguu mitatu kingeniokoa siku hiyo, nami nilikiacha nyumbani kwa uvivu. Lakini kiweko hakimtulizi mtu anayeghani, akitikisa kichwa na mkono. Huyo huhitaji lenzi inayokunywa mwanga.

Kamera zisizo na kioo cha ndani zilipata umbo lake mwaka 2008, Olympus na Panasonic walipoutangaza mfumo wao wa Micro Four Thirds. Lenzi ninayoitetea ni ile ya Olympus ya milimita 45, yenye kipenyo cha f/1.8, iliyotolewa mwaka 2011 kwa takriban dola 400 za Marekani. Ina gramu 116 tu. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ikivutwa hadi mwisho wake, huishia f/5.6. Tofauti ya mwanga ni karibu mara kumi! Hapo sioni ulanguzi.

Ulanguzi nauona kwingine. Mwaka 2017 ilitoka ndugu yake ya f/1.2, kwa dola 1,200 hivi. Bei mara tatu, uzito zaidi ya mara tatu, ilhali mwanga umezidi mara mbili na robo. Mpiga picha wa harusi huenda akairudisha fedha hiyo. Mwalimu anayelipa kwa mshahara wake, na ushuru juu yake, asidanganyike.

Kuna na jambo la umri. Mwili wa kamera huchakaa na kupitwa, lenzi husalia. Olympus walijitoa katika biashara ya kamera mwaka 2021, na bado lenzi yangu inaingia katika kamera za warithi wao, na za Panasonic pia. Mwenzangu alikuwa hajalifikiria hilo, ingawa yeye amekwisha kununua kamera tatu.

Mjukuu wa mzee yule ameniarifu kwamba zimesalia kurasa tisa. Nakwenda Desemba, lenzi mfukoni, kiweko begani.