NENO "BALAA": TUULIZE KABLA YA KUKARIPIA



 

Katika hafla yetu ya Maulid, mwanafunzi mdogo alisoma Qur'ani kwa sauti iliyotuliza watu wote. Alipomaliza, kijana mmoja wa darasa la juu alimwendea bibi wa mtoto yule, akamwambia kwa furaha: "Bibi, mjukuu wako balaa!" Bibi alishtuka. Wiki nzima mtoto hakuja madrasa. Nasi walimu tulimkaripia kijana mbele ya wenzake bila kumwuliza alikusudia nini.

Tulikosea. Kijana alikuwa anasifu. Kwa vijana, "anasoma balaa" maana yake anasoma vizuri mno, na "baridi balaa" ni baridi kali. Lakini wakisema "jamaa yule ni balaa", huenda wanamsema kwa ukorofi wake. Bibi yetu wa hapa Liparamba, ambaye nyumbani huzungumza Kiyao, neno hilo analijua katika dua, pale tunapomwomba Allah atuepushe na balaa. Kusikia limetajwa juu ya mjukuu wake, angefurahije?

Tutazame asili yake. Kwa Kiarabu, balaa ni mtihani. Surat al-Anbiyaa, aya ya 35, inatufundisha kwamba tunajaribiwa kwa shari na kwa kheri pia. Na katika Surat al-Anfal, aya ya 17, neno lenyewe limeambatana na sifa ya wema. Kiswahili kilichukua upande wa msiba, kisha vijana wakaligeuza kuwa sifa. Kwa hiyo hatusemi lipigwe marufuku. Hata sauti nzuri ni mtihani: mwenye nayo atashukuru au atajivuna?

Hata hivyo upo mpaka. Siku hizi husikika "harusi ya kufuru" na "fedha za kufuru", kwa maana ya kupita kiasi. Hilo hatulikubali. Kufuru ni kumkana Mola au kuzikana neema zake, nayo haina upande mzuri wa kuitetea. Muislamu asiizoeze masikio yake hata kwa mzaha.

Rai yetu ni hii. Vijana, mkiwa uwanjani na wenzenu mtaelewana, lakini mbele ya mzee semeni Mashaallah, naye atawaelewa na kuwaombea dua. Wazazi na walimu, tusikiapo neno geni tuulize kwanza, hasira baadaye.

Tulikwenda kwa bibi pamoja na kijana yule, tukakaa mkekani, akajieleza mwenyewe. Bibi alicheka, na kesho yake mtoto alirudi darasani. Nasi tulimwomba kijana radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa mbele yao ndipo tulipomkaripia.