Mama Naye Apande Mzani

Siku ya kliniki akina mama wa Bulyaga, hapa Tukuyu, hutoka nyumbani ukungu haujapanda Mlima Rungwe, mtoto mgongoni, kadi ndani ya mfuko wa nailoni isilowe mvua. Mtoto anavuliwa, anavalishwa kile kikaptula cha kupimia, ananing'inizwa kwenye mzani, analia. Nesi anasoma kilo, anaweka nukta kwenye kadi. Nukta ikishuka, mama anahojiwa mpaka jasho limtoke. Na ndivyo inavyotakiwa.

Lakini huyo mama mwenyewe, ambaye akipanda kilima cha sokoni anasimama mara tatu kuvuta pumzi, nani kampima? Alipokuwa mjamzito alipimwa. Alipojifungua, mzani ukamsahau. Utamkumbuka siku atakayoletwa kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mwanawe, mdomo umepinda, mkono mmoja unaning'inia. Mimi hilo silikubali.

Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamezidi uzito. Nasi tukikutana nao tunawaambia wamenawiri, mume anawatunza! Tuache. Presha na sukari vinaingia kimya chini ya sifa hizo hizo.

Pengo hilo la kutopimwa wamelikalia wauza unga wa kupunguza unene. Nimeishika pakiti yao stendi: picha ya tumbo bapa, basi. Hakuna jina la mtengenezaji, hakuna tarehe, hakuna kilichomo. "Siku saba tu, mama, tumbo linakwisha." Uongo mtupu, na uongo wa hatari. Dawa iitwayo sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo na kuleta kiharusi, lakini imeendelea kukutwa imefichwa ndani ya chai na vidonge vya kupunguza unene. Mwenye presha ananunuliwa kitu cha namna hiyo na binti yake, kwa upendo! Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) na maofisa afya waje stendi siku ya soko, wakusanye pakiti hizo mbele ya watu.

Tiba za kweli za unene zipo. Iko sindano ya semaglutaidi ya kila wiki, ingawa ukiiacha kilo nyingi hurudi. Muhimbili Mloganzila wanaweka puto tumboni. Hayo ni ya daktari, kwa mtu ambaye uzito umeshamletea maradhi au unakaribia kumletea, na anayeyahitaji asichekwe wala asiitwe mvivu. Ila kutoka Tukuyu hadi Dar es Salaam si mwendo wa kila mtu, na bei za huko si za mchuma chai.

Kwa hiyo tuanze na kilichopo. Mwaka 2002 Wamarekani walitangaza matokeo ya utafiti kwa watu ambao sukari yao ilikuwa inaelekea kubaya. Kundi moja lililenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki: kisukari kikapungua kwa asilimia 58. Kundi la kidonge cha metformini, asilimia 31. Miguu na sahani vilikishinda kidonge! Kwa mama wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo. Sisi vilima tunavyo, tumevikabidhi kwa bodaboda. Ndizi mbalaga, maharage na mboga tunavyo, lakini mgeni akija tunakimbilia soda ya mililita 350 yenye sukari ya karibu vijiko 9 vya chai.

Na nani wa kumwambia mama haya, kama hajui hata ana kilo ngapi? Mzani wa kusimamia upo chumba kile kile cha kliniki, unatumiwa na wajawazito. Kipimo cha presha kipo. Hata kamba inatosha: ipime sawa na urefu wako, ikunje katikati, izungushe kiunoni. Isipokutana, nenda kwa daktari.

Ninachodai hakihitaji bajeti. Mtoto akishashushwa na kufungwa mgongoni kwa bibi au dada, nesi asiite jina linalofuata. Amgeukie mama: "Vua viatu, mama. Sasa ni wewe."