Uamuzi wa Baraza Usisubiri Kikao Kijacho

Ibara ya 146 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inaeleza kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, na ibara ya 18 inatambua haki ya kila mtu kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Ibara hizi mbili zikisomwa kwa pamoja, hitimisho lake ni kwamba mkazi wa jiji anastahili kujua baraza lake la madiwani limeamua nini, kwa sababu gani na kwa fedha ipi, kabla uamuzi huo haujamfikia mlangoni kwa sura ya faini, notisi ya kuvunja kibanda au stakabadhi ya ushuru mpya. Mara nyingi, hata hivyo, mkazi hupata habari siku ile ile utekelezaji unapoanza.

Chanzo cha hali hiyo kimo zaidi katika utaratibu kuliko katika nia mbaya ya watu. Baraza la madiwani, ambalo ndilo chombo cha juu cha uamuzi katika halmashauri ya jiji, huongozwa na meya, na mkurugenzi wa jiji ndiye katibu wake. Mikutano yake ya kawaida hufanyika kila robo mwaka, na kabla ya hapo hoja hupitia katika kamati za kudumu, yaani makundi ya madiwani yanayochambua masuala ya fedha na uongozi, mipango miji na mazingira, au uchumi, afya na elimu. Huko kwenye kamati ndiko hoja zinakochambuliwa kwa kina, kwa kutumia makabrasha, ambayo ni majalada ya taarifa na mapendekezo yanayoandaliwa na wataalamu wa halmashauri. Mkutano wa baraza zima uko wazi kwa umma, lakini mkazi anayekwenda kuusikiliza bila kabrasha mkononi husikia namba za kurasa zikitajwa na wajumbe wakiafiki, na huweza kutoka ukumbini bila kuelewa ni barabara ipi iliyopangiwa fedha na ipi iliyoachwa.

Kikwazo kikubwa zaidi ni muhtasari, yaani kumbukumbu rasmi za kikao. Kwa taratibu za vikao, muhtasari haukamiliki mpaka usomwe na kuthibitishwa katika mkutano unaofuata. Kwa kuwa mkutano wa kawaida unaofuata huja baada ya miezi mitatu hivi, ofisa anayekataa kutoa muhtasari ambao haujathibitishwa anafuata utaratibu, ilhali uamuzi uliomo ndani yake unaweza kuwa umekwisha kutekelezwa. Tofauti hiyo ya kasi, kwamba uamuzi huanza kazi mara moja lakini kumbukumbu yake husubiri robo mwaka, ndiyo inayopaswa kurekebishwa kwanza.

Sheria zilizopo hazitoshi kuziba pengo hilo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 humpa mwenye taarifa muda wa siku 30 kumjibu mwananchi aliyeomba, na nchini Kenya sheria ya mwaka huo huo imeweka siku 21, ambazo hupungua hadi saa 48 pale taarifa inapohusu uhai au uhuru wa mtu. Muda wote huo huhesabiwa tangu ombi lilipopokelewa, na hakuna anayeweza kuomba taarifa za uamuzi asiojua kwamba umefanyika. Kenya imekwenda hatua moja mbele, kwa sababu ibara ya 196 ya Katiba yake ya mwaka 2010 inalitaka bunge la kaunti kufanya shughuli zake kwa uwazi na vikao vya kamati zake kufanyika hadharani, jambo linalomwezesha mkazi kuifuata hoja ingali changa.

Husemwa kwamba diwani ndiye mjumbe wa wananchi, na kwamba atawapelekea habari. Jiji la Dar es Salaam, ambalo tangu Februari 2021 ni eneo lililokuwa Manispaa ya Ilala, lilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 1.6 katika sensa ya mwaka 2022, na kata zake ni 36, hivyo kwa wastani diwani mmoja wa kata huwakilisha watu zaidi ya 45,000. Hata diwani mwenye bidii hawezi kuwafikia wote kwa mdomo. Njia nyingine zina mapungufu yake: ubao wa matangazo wa ofisi ya kata huweza kujaa karatasi za zabuni na nafasi za kazi ambazo muda wake umepita, na gari la matangazo hupita asubuhi wakati mama lishe na bodaboda wamekwisha kuondoka, likitangaza amri na tarehe ya mwisho pasipo kutaja sababu wala mahali pa kulalamika.

Gharama ya ukimya huo huonekana wazi katika mikopo ya halmashauri. Sheria huzitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani fedha zinazokusanywa na halmashauri yenyewe, kwa mgawo wa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake upitiwe upya, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Katika mabadiliko ya namna hiyo, kikundi chenye jamaa ofisini hujua mapema dirisha limefunguliwa lini na fomu zinapatikana wapi, na kikundi cha washonaji wa pembezoni mwa jiji husikia fungu likiwa limekwisha kugawiwa. Hapo taarifa huwa mtaji wa wachache, na fedha iliyokusudiwa wanyonge huwapita.

Safu hii inapendekeza jambo moja lisilohitaji sheria mpya, ila azimio la baraza na usimamizi wa TAMISEMI, ambayo ndiyo wizara inayosimamia serikali za mitaa. Muhtasari uendelee kusubiri uthibitisho wake, lakini ndani ya siku saba baada ya mkutano, mkurugenzi atoe taarifa ya maamuzi yenye ukurasa mmoja kwa kila kata, ikieleza kilichoamuliwa, sababu zake, gharama na fungu litakalotumika, tarehe ya kuanza, na ofisi inayopokea pingamizi. Taarifa hiyo ibandikwe katika kila ofisi ya mtaa, isomwe na mwenyekiti wa mtaa katika mkutano wa wakazi, na itumwe katika makundi ya simu ambayo mitaa mingi inayo tayari. Kamati nazo zitangaze ajenda zake mapema, ili mkazi mwenye hoja ampelekee diwani kabla ya kura.

Wapo watakaosema kwamba mengine yanayojadiliwa ni siri, kama vile nidhamu ya watumishi na tathmini ya zabuni. Hoja hiyo ina uzito, lakini inahusu sehemu ndogo ya kazi ya baraza, na haiwezi kuhalalisha kufichwa kwa ushuru wa soko au ratiba ya kuzoa taka. Wengine watataja gharama, ingawa karatasi moja kwa kila mtaa, mara nne kwa mwaka, ni nafuu kuliko operesheni moja ya kuwaondoa wafanyabiashara ambao hawakujulishwa kwamba wamepangiwa eneo jingine. Uamuzi unaogusa mfuko na makazi ya watu, ambao bado haujatangazwa mtaani, haustahili kuanza kutekelezwa, na baraza linaloamini ubora wa maamuzi yake halina sababu ya kuliogopa sharti hilo.